Tezi dume iliyovimba: kukwangua kwa ndani au kupasua tumbo?

Kinachoamua kwanza ni ukubwa wa tezi. Ikiwa kati ya mililita 30 na 80, kukwangua hutosha: daktari hupitisha kifaa chembamba kwenye njia ya mkojo na kukata nyama inayoziba, kipande kwa kipande, kwa waya wa umeme. Hakuna kidonda cha nje. Katheta, yaani mrija wa kutoa mkojo kwenye kibofu, hutolewa kwa kawaida baada ya siku 1 hadi 3.

Ikizidi mililita 80, au kibofu kina mawe makubwa, kupasua chini ya kitovu kuna mantiki zaidi. Uvimbe wote hung'olewa mara moja, na ni nadra kurudia upasuaji. Hasara yake ni kupoteza damu nyingi zaidi, na katheta ya karibu wiki nzima.

Hatari ya kukwangua hukua kadiri upasuaji unavyochukua muda mrefu. Maji ya kusafishia yasiyo na chumvi yakiingia kwenye damu, sodiamu hushuka na mgonjwa huchanganyikiwa. Ndiyo maana kazi hulengwa kuisha ndani ya saa 1. Mashine za baipola, ambazo umeme wake huzunguka kwenye ncha ya kifaa tu, hutumia maji ya chumvi na huondoa tatizo hilo. Muulize daktari anatumia ipi.

Njia zote mbili mara nyingi hufanya shahawa zirudi kwenye kibofu, jambo ambalo anayetaka watoto lazima aambiwe mapema. Tena, ganda la tezi hubaki, hivyo uchunguzi wa saratani uendelee.