Kifaa cha kufungulia bolti ya Remington 700
Bolti, yaani kipande cha bunduki kinachoteleza na kufunga risasi ndani ya mtutu, huhitaji kufunguliwa vipande ili kusafishwa. Ile ya bunduki ya Kijerumani ya Mauser 98 hufunguliwa kwa mikono mitupu, swichi ya usalama ikiwa imesimamishwa katikati, lakini ile ya Remington 700, bunduki ya Kimarekani iliyoingia sokoni mwaka 1962, haikujaliwa wepesi huo. Springi ya pini yake ya kufyatulia, ile inayogonga risasi, ni ngumu; wapo wanaoivuta kwa kamba ya kiatu na kuizuia kwa sarafu, njia inayofaa kambini ingawa huhatarisha vidole. Kifaa nilichonunua ni cha chuma, chenye ndoano inayonasa sehemu ya nyuma ya pini na skrubu inayoivuta taratibu, hivyo pini na springi yake hutoka pamoja kwa kuzungushwa kinyume cha mwendo wa saa, mradi bolti imekwisha kutolewa kwenye bunduki isiyo na risasi. Ndoano imechongwa vizuri. Mpini, kwa maoni yangu, ni mfupi mno kwa mkono wenye mafuta. Hata hivyo, kinastahili bei yake, kwa kuwa grisi nzee iliyoganda humo ndani hupunguza kasi ya pini, hasa penye baridi, na kuipangusa bolti kwa nje pekee hakuiondoi.