Chujio la maji la bei nafuu: lipi linafaa nyumba ya Mombasa?

Kabla hujatoa hata shilingi, onja maji yako. Yakiwa na chumvi, kama ya visima vingi vya Kisauni na Likoni, usikubali muuzaji akuambie chujio la ndoo litayatamuisha. Chujio la namna hiyo huzuia uchafu na vijidudu. Chumvi iliyoyeyuka hupita nayo. Ya kuitoa ni mashine ya osmosisi, inayosukuma maji kupitia utando mwembamba mno, ambayo huhitaji presha na mara nyingi humwaga maji mengi kuliko inayokupa. Kwa anayenunua mtungi wa lita 20 kwenye mkokoteni, hiyo ni hasara tupu. Maji ya kisima yabaki ya kufulia, chujio lishughulike na maji matamu.

Chaguo langu la kwanza ni chungu cha udongo kinachokaa ndani ya ndoo yenye bomba. Udongo wake huchanganywa na unga wa mbao, ambao huungua tanuruni na kuacha vitundu vidogo mno. Hakitaki umeme wala presha. Hupitisha lita 1 hadi 3 kwa saa, kwa hivyo kijaze usiku, asubuhi utakuta maji ya kunywa. Familia kubwa, nunueni viwili.

Dukani usione haya: kitoe chungu, kigonge kwa kifundo cha kidole. Kizima hulia kama kengele; chenye ufa hutoa sauti butu, kirudishe. Tia maji ndooni uone kama bomba linavuja pale linapoingilia, maana mpira wake ndio huharibika kwanza. Uliza pia kama chungu kinauzwa peke yake. Jibu likiwa hapana, siku kikivunjika umebaki na ndoo. Kukiosha ni kwa brashi laini bila sabuni, kwani sabuni huingia vitunduni.

La pili ni chujio la nyuzi za plastiki, mfano LifeStraw Family. Hili huzuia hata virusi, na watengenezaji wanasema hufika lita 18,000. Ila lazima lisafishwe kila siku kwa kusukumwa maji kinyume, na nyumba yenye watoto na haraka za asubuhi husahau.

Dawa ya klorini si chujio, lakini ninaiweka ya tatu kwa kuwa ni rahisi na huua virusi ambavyo chungu huweza kuviachia. Chuja kwanza, tia dawa, subiri dakika 30. Kipindupindu kikitangazwa, tumia vyote viwili.

La mwisho ni chujio la mchanga. Ni zuri, linadumu miaka, lakini la zege na mchanga wake hupita kilo 100, linahitaji wiki kadhaa kabla tabaka lake hai, yaani vijidudu vinavyoota juu ya mchanga na kusafisha maji, halijakomaa, na linataka kumiminiwa maji kila siku. Mwenye nyumba yake Mtongwe alifikirie. Mpangaji aachane nalo.