Uzoefu wangu na SQLite kwenye AMCOS ya korosho: kazi yote iko pale unapofungua faili

Kama unaandika programu ya kupokea korosho kwa chama cha msingi cha Tandahimba, Newala au Nanyamba, ushauri wangu ni mmoja: achana na seva ya kanzidata, tumia SQLite. Nimeitumia kwenye AMCOS moja, yaani chama cha msingi cha ushirika wa wakulima, huku Mtwara msimu mzima, tangu mapokezi yalipoanza Oktoba mpaka minada ilipokwisha, na nasema kwa dhati kwamba sijaona chombo kinachoendana na mazingira yetu kuliko hiki. Ila kuna sharti. Namna unavyoifungua ndiyo inayoamua kama kilo za mkulima ziko salama, na hapo ndipo miongozo mingi ya mtandaoni inapotupeleka kusiko.

Kwa asiyeifahamu, SQLite si programu inayokaa pembeni ikisubiri kuulizwa. Ni maktaba inayoingia ndani ya programu yako, na data yote inakaa kwenye faili moja. Hakuna akaunti ya mtumiaji wala nywila ya kanzidata, na hakuna huduma ya kuwasha kila asubuhi. D. Richard Hipp aliianza mwaka 2000 akiwa kwenye kazi ya mkataba wa jeshi la majini la Marekani. Alitaka programu ya melini iendelee kufanya kazi hata pale seva ya kanzidata inapokuwa haipatikani. Ghalani kwetu hitaji ni hilohilo. Hailipiwi, haina leseni ya kukubana, kwa kuwa waandishi wake wameitoa iwe mali ya umma. Na mwenye Python anayo tayari, moduli yake huja pamoja na lugha tangu toleo la 2.5.

Sasa nieleze kazi yenyewe. Mkulima anafika na magunia, korosho zinakaguliwa, zinapandishwa mizani, karani anaingiza kilo na daraja, mkulima anapewa stakabadhi. Kutoka hapo mzigo unakwenda ghala kuu kusubiri mnada, na fedha zinaingia benki baadaye. Utaratibu wa stakabadhi ghalani upo kwenye korosho tangu msimu wa 2007/2008, na watu wa Kusini wanaujua kwa utamu na uchungu wake. Kati ya siku ya mizani na siku ya malipo mkulima hana kingine mkononi isipokuwa ile karatasi. Karatasi ikisema kilo 412 halafu kompyuta haina habari nayo, hapo umeanzisha ugomvi ambao hakuna programu itakayoumaliza.

Kila programu inapofungua faili, mistari hii ya mipangilio (PRAGMA ni amri ya kuipanga SQLite) inatangulia kabla ya kitu kingine chochote:

PRAGMA journal_mode=WAL;
PRAGMA synchronous=FULL;
PRAGMA foreign_keys=ON;
PRAGMA busy_timeout=10000;

Wa kwanza ukiuandika mara moja unabaki ndani ya faili. Mitatu inayofuata haibaki. Inahusu muunganisho ule uliofunguliwa tu, ukifunga na kufungua upya inarudi ilivyokuwa. Ndiyo maana nimeiweka yote kwenye funksheni moja, na hakuna sehemu nyingine ya programu inayoruhusiwa kugusa faili bila kupitia hapo. Jambo hili naona watu wanalipita haraka mno. Unamkuta mtu amewasha foreign_keys, yaani ukaguzi kwamba kila rekodi inamtaja mkulima aliyepo, kwenye skripti ya kuunda majedwali, anaamini imewaka daima, kumbe programu inayotumika kila siku inaruhusu mizani ya mkulima asiyekuwepo kwenye daftari. Tena ukiiandika katikati ya muamala (kundi la maandishi yanayokamilika yote au yasikamilike kabisa) haifanyi kitu, na wala haikwambii.

WAL maana yake ni kwamba maandishi mapya hayaingii moja kwa moja kwenye faili kuu. Yanaandikwa kwanza kwenye faili la pembeni lenye mkia -wal, kisha yanahamishiwa kwenye faili kuu baadaye. Kwa kawaida hilo hutokea faili la pembeni linapofikia kurasa 1000, yaani kama megabaiti 4 kwa ukurasa wa baiti 4096. Faida yake unaiona mara moja: meneja anaweza kuchapisha jumla ya siku wakati karani anaendelea kupima, hakuna anayemzuia mwenzake.

Ukishachagua WAL, kila mwongozo utakwambia ushushe synchronous, yaani kiwango cha kusubiri diski ithibitishe imeandika, kutoka FULL iwe NORMAL ili mambo yaende kasi. Hapo mimi nakataa.

Siku naonyesha programu kwa viongozi wa chama, mwenyekiti alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza: "Mwanangu, umeme ukikatika mkulima bado yupo kwenye mizani, kilo zake zinakwenda wapi?" Nikamjibu, "Mzee, stakabadhi ikishatoka, kilo zimeshaandikwa kwenye diski." Jibu hilo ni kweli chini ya FULL tu. Chini ya NORMAL pamoja na WAL, faili halitaharibika umeme ukikatika, hilo ni kweli na waandishi wa SQLite wanalisema wazi. Lakini miamala ya mwisho, ile ambayo programu ilishaambiwa imekamilika, inaweza kupotea. Kwa programu ya kuhifadhi picha za simu si kitu. Kwa mtu aliyetoka na karatasi mkononi, ni korosho zake za mwaka.

Nilijaribu mwenyewe kwenye kompyuta ya mezani isiyo na UPS (betri ya akiba). Skripti inaingiza mizani ya kubuni mfululizo na kuonyesha namba ya stakabadhi kwenye skrini, simu inarekodi video ya skrini, halafu nachomoa waya ukutani. Nikiwasha, nalinganisha namba ya mwisho kwenye video na ya mwisho kwenye jedwali. Kwa NORMAL kuna mara zilipungua. Kwa FULL hazikupungua. Nashauri kila anayeweka mfumo wa namna hii afanye jaribio hilo kwenye mashine ileile itakayotumika, kwa sababu FULL nayo inategemea diski iseme kweli, na zipo diski za bei rahisi zinazojibu kwamba zimeandika kabla hazijaandika.

Na kasi? Diski ya kuzunguka inamaliza miamala makumi kadhaa kwa sekunde hata kwa FULL. Gunia la korosho halipandi mizani kwa kasi hiyo, hata vijana wa kubeba wawe na nguvu kiasi gani. Sioni sababu ya kuuza usalama wa mkulima ili kununua kasi isiyotumika. FULL ndiyo thamani ya kuanzia ya maktaba yenyewe, lakini mimi naiandika wazi, maana anayeikompailisha anaweza kuibadilisha.

Kuhusu majedwali, SQLite ina upole unaonikera. Safu uliyoiita INTEGER inapokea neno "sitini" bila kulalamika. Tangu toleo la 3.37 la mwaka 2021 unaweza kumalizia jedwali kwa neno STRICT, na upole huo unakoma. Sioni kwa nini mtu aanze mradi mpya bila neno hilo. Uzito nauweka kwa gramu, namba kamili. Kilo 61.7 inakuwa 61700, na jumla ya msimu inalingana na jumla ya karatasi hadi gramu ya mwisho. Fedha vilevile, shilingi nzima, na makato kila moja kwa mstari wake, ili mkulima akiuliza cha pembejeo ni kipi na cha ushirika ni kipi, jibu liwepo.

Madirisha mawili yakiandika kwa wakati mmoja, anayeingia ni mmoja. Muda wa mwingine kusubiri zamu ndiyo busy_timeout: maktaba yenyewe haisubiri hata kidogo, Python huiwekea sekunde 5, mimi nimepandisha hadi 10. Muamala wowote utakaoandika uanze kwa BEGIN IMMEDIATE, amri inayoshika zamu ya kuandika tangu mwanzo. Ukianza kwa kusoma halafu katikati utake kuandika, huku mwingine ameshaandika, utakataliwa papo hapo na busy_timeout haitakusaidia.

Nakala rudufu inahitaji uangalifu. Kukopi faili kuu peke yake programu ikiwa wazi ni hatari, kwa sababu mizani ya asubuhi inaweza kuwa bado ipo kwenye lile faili la -wal. Tumia VACUUM INTO, amri ya SQLite inayotoa nakala kamili kwenye faili jipya, ukiweka tarehe kwenye jina la nakala, kwani inakataa kuandika juu ya faili lenye kitu. Jioni kila siku nakala inaingia kwenye flashi, na flashi halilali ghalani. Kabla ya kuiamini, ifungue uendeshe PRAGMA integrity_check, inayokagua kama faili ni zima. Ikijibu ok, sawa.

Pale SQLite isipofaa napasema pia. Usiweke faili kwenye folda ya pamoja ya mtandao ili laptopu tatu zilichangie. WAL haifanyi kazi namna hiyo, watumiaji wote lazima wawe kwenye mashine moja. Chama kikuu kinachokusanya taarifa za vyama vya msingi kwa pamoja kinahitaji seva, mimi huko ningeweka PostgreSQL, kanzidata ya seva, na kila AMCOS ingebaki na faili lake.

Makato na bei hubadilika kila msimu, kwa hiyo majedwali nayo yatabadilika. SQLite inakupa namba moja ndani ya faili, PRAGMA user_version, ya kuandika toleo la muundo wako. Programu yangu inaisoma kila inapofungua, ikikuta ya zamani inachukua nakala kwanza, kisha inaongeza kinachokosekana ndani ya muamala mmoja. Wenye laptopu za zamani waangalie sqlite3.sqlite_version ndani ya Python, inayoonyesha toleo la SQLite, kabla ya maghala kufunguliwa. Ikiwa chini ya 3.37.0, STRICT itakataa na itabidi Python isasishwe mapema, wakati bado kuna bando na muda.