Udongo wa Vyungu vya Bangi: Mfuko wa Dukani na Mchanganyiko Niliouchanganya Mwenyewe

Tangu tarehe 17 Oktoba 2018, sheria ya Kanada inaruhusu kaya kuotesha mimea isiyozidi minne ya bangi kwa matumizi ya watu wazima, na hapa Ontario, ninapoishi, mtu mzima kwa maana hiyo ni aliyetimiza miaka 19. Quebec imekataza ukulima wa nyumbani, kwa hiyo msomaji aliyeko Montreal asijitie matatani kwa maneno yangu. Kwa ndugu walioko Kenya na Tanzania, kuotesha mmea huu ni kosa la jinai. Hata hivyo, karibu yote nitakayoyasema kuhusu udongo yatawafaa wanaopanda nyanya, biringanya au pilipili kwenye vyungu.

Mimea minne ni michache. Mkulima wa ekari akiharibikiwa na mstari mmoja bado ana mashamba, lakini mwenye vyungu vinne akipoteza kimoja amepoteza robo ya msimu wake. Kwa sababu hiyo nimetumia misimu mitatu kuulinganisha udongo wa aina mbili: ule unaouzwa ukiwa tayari kwenye mfuko wenye maandishi ya kusifu utajiri wake, na ule niliouchanganya mwenyewe kwa kutumia piti (mabaki ya mimea ya vinamasini), mboji, perlaiti (punje nyepesi za kuingiza hewa) na mbolea ya asili ya Gaia Green inayotengenezwa Grand Forks, katika jimbo la British Columbia. Hukumu yangu naitoa mapema ili asiye na muda asisumbuke: mchanganyiko wa mkono umeushinda mfuko, na sababu kubwa ya ushindi huo ni mwezi mzima niliouacha ukae kabla ya kupandwa kitu. Utajiri wa virutubisho haukuwa na uzito kama huo.

Nianze na mfuko. Jina lake silitaji, wala duka nililonunua, kwa kuwa nilinunua mmoja tu na sitaki kumhukumu mtengenezaji kwa mfuko uliokaa labda miezi mingi katika ghala la mtu mwingine. Orodha ya viambato ilikuwa nzuri: piti, mboji ya misitu, vinyesi vya minyoo, unga wa samaki, guano (vinyesi vya popo), perlaiti. Nilipoufungua ulikuwa umeloa na mzito, na baada ya siku kumi hivi vijinzi vidogo vyeusi vya udongo vilianza kuruka kila nilipomwagilia. Mabuu ya vijinzi hivyo hula kuvu na nyuzi changa za mizizi, na hustawi palipo na unyevu usiokauka. Niliwapunguza kwa kuacha tabaka la juu likauke kabisa kati ya umwagiliaji mmoja na mwingine, na kwa kutega karatasi za manjano zenye gundi, ila niliendelea kuwaona karibu msimu wote.

Tatizo la pili lilikuwa zito zaidi, na linahusu neno lenyewe la utajiri. Mche wa bangi wenye majani mawili ya kwanza unaishi kwa akiba iliyomo ndani ya mbegu, nao hauna haja ya unga wa samaki wala guano. Miche yangu miwili niliyoiotesha moja kwa moja katika udongo ule ilikunja ncha za majani, ncha zikaungua na kuwa za rangi ya kahawia, kisha ikadumaa kwa muda wa wiki mbili hivi. Miche mingine miwili, niliyoianzishia katika vikombe vya piti na vinyesi vya minyoo kidogo, kisha nikaihamishia katika udongo uleule ilipofikisha jozi nne za majani, haikuonyesha dalili yoyote ya kuungua. Udongo ulikuwa mmoja, umri wa mizizi ndio uliotofautiana. Yeyote anayenunua mfuko wenye nguvu kama huo autumie katika chungu cha mwisho, wala asioteshe mbegu humo.

Jambo jingine la kusomwa kwa makini kwenye mfuko ni neno la kilimo hai. Mara nyingi neno hilo humaanisha tu kwamba viambato vimetokana na mimea au wanyama, bila kueleza mimea ile ilinyunyiziwa nini. Mimi hutafuta alama ya OMRI, taasisi iliyopo Eugene, Oregon, ambayo kazi yake ni kuchunguza pembejeo kama zinakubalika katika kilimo hai. Kwa bangi jambo hili lina uzito wa pekee, kwani mmea huu una tabia ya kufyonza metali nzito kutoka ardhini, zikiwemo kadimiamu na risasi, na kuzipeleka kwenye majani na maua. Sifa hiyohiyo imewafanya wanasayansi waichunguze hempu, yaani bangi inayolimwa kwa ajili ya nyuzi, kama njia ya kusafishia ardhi iliyochafuliwa. Mtu atakayevuta au kula zao la chungu chake anapaswa kujali mboji ilitoka wapi kuliko anavyojali ukubwa wa maua.

Sasa nieleze mchanganyiko wangu. Nilipiga hesabu ya mifuko minne ya kitambaa ninayoitumia kama vyungu, yenye ujazo wa lita 28 kila mmoja, jumla lita 112, na nikagawa ujazo huo katika mafungu matatu yanayokaribiana: fungu la piti linaloshika maji, fungu la perlaiti linaloingiza hewa, na fungu la mboji iliyochanganywa na vinyesi vya minyoo, ambalo ndilo lenye uhai. Wazo hili la mafungu matatu si langu; limezunguka miaka mingi miongoni mwa wakulima wa bangi wa Amerika Kaskazini, na ukilitazama vizuri utaona kwamba theluthi nzima ya chungu haina lishe yoyote. Perlaiti ni kioo cha volkano kilichopashwa moto hadi kikafura kama bisi. Hakilishi chochote, lakini mizizi inahitaji oksijeni kama inavyohitaji maji, na chungu kilichojaa mboji tupu hushindiliwa na umwagiliaji hadi kikawa kama tofali.

Kwa fungu la kwanza nilijaribu vitu viwili. Piti huchimbwa kutoka vinamasi, ambako ilijikusanya kwa maelfu ya miaka, na Kanada inazo nyingi, hivyo bei yake hapa ni nafuu. Ina uchachu mwingi, pH yake (kipimo cha uchachu) ikiwa karibu na 4, na kwa hiyo ni lazima itiwe chokaa ili ifike kati ya 6 na 7, ambako mizizi ya bangi hupata virutubisho bila taabu. Msimu uliofuata nilijaribu kokopiti, kwa kuwa vinamasi vinahifadhi kaboni nyingi na dhamiri yangu haikutulia. Sisi tuliokulia pwani tunayajua makumbi ya nazi: hufukiwa katika tope la ufukweni kwa miezi mpaka yalainike, kisha akina mama huyaponda na kusokota kamba. Vumbi linalobaki ndilo kokopiti. Nadhani mtu aliyewahi kuona makumbi yakifukiwa kwenye tope la bahari hahitaji kuelezwa kwa nini kokopiti inaweza kuja na chumvi. Niliisuuza kwa maji safi mara tatu, nikatia jasi ili kalsiamu ichukue nafasi ya sodiamu na potasiamu iliyoshikana na nyuzi, na chokaa nikaipunguza sana, kwani kokopiti haina uchachu wa piti. Matokeo yalilingana. Tofauti niliyoiona ni kwamba kokopiti iliyokauka hunywa maji upesi, ilhali piti iliyokauka kabisa huyakataa, na maji yakateremka pembeni mwa chungu bila kuilowesha mizizi.

Fungu la mboji ndilo lililonipa kazi kubwa, na ndilo ninalomsihi msomaji asilifanyie haraka. Samadi ya ng'ombe au farasi inaweza kubeba dawa za kuua magugu za jamii ya aminopiralidi na klopiralidi, ambazo hunyunyiziwa malishoni, hupita tumboni mwa mnyama bila kuvunjika, na huendelea kuwa na nguvu hata baada ya samadi kuoza. Kuzigundua hakuhitaji maabara. Nilijaza vikopo vitatu kwa mboji niliyotaka kununua, nikajaza vingine vitatu kwa udongo niliouamini, nikapanda maharage katika vyote sita na kungoja wiki tatu. Mboji ya muuzaji wa kwanza ilitoa maharage yenye majani yaliyojikunja kama vikombe na mashina yaliyojipinda, sikuinunua. Ya muuzaji wa pili ilitoa maharage yaliyonyooka, nami nimebaki naye hadi leo. Gharama ya jaribio hilo ilikuwa kiganja cha maharage.

Baada ya mafungu matatu kuchanganywa ndipo unapokuja utajiri wenyewe. Kwa kila lita 28 nilitia nusu kikombe cha unga wa mwani, nusu kikombe cha mashudu ya mwarobaini, nusu kikombe cha unga wa maganda ya kaa na kamba, na vikombe vinne vya vumbi la jiwe la basalti. Mwani huu ni wa kahawia, wa bahari baridi, tofauti na ule unaolimwa Paje na Jambiani, Unguja. Maganda ya kaa yana kitini, dutu inayoyafanya yawe magumu, ambayo bakteria wa udongoni huila, na bakteria haohao huweza kushambulia kuta za kuvu waharibifu na mayai ya minyoo fundo wanaoharibu mizizi, kwa kuwa navyo vina kitini. Kuhusu mwarobaini sina haja ya kuwaeleza wasomaji wa lugha hii. Nilifurahi tu kuukuta katika duka la bustani la nchi ya theluji, ukiuzwa kama mbolea yenye naitrojeni na yenye kuwachukiza wadudu.

Katika msimu wa tatu niliacha kupima vitu hivyo kimoja kimoja, nikatumia Gaia Green ya 4-4-4, ambayo imekwisha kuchanganywa kutokana na viambato vya asili vya namna hiyo. Tarakimu hizo zinamaanisha asilimia 4 ya naitrojeni, asilimia 4 ya fosforasi iliyohesabiwa kama fosfeti, na asilimia 4 ya potasiamu iliyohesabiwa kama potashi, maana yake mfuko wa kilo 2 una gramu 80 za naitrojeni. Kiasi nilikifuata kama kilivyoandikwa kwenye mfuko. Mimea ilipoanza kuchanua niliongeza kwa juu aina yao ya 2-8-4, nikaifunika kwa vinyesi vya minyoo na kumwagilia. Ninaipendekeza bila kusita kwa mtu mwenye chumba kidogo asiyetaka mifuko sita ya unga kabatini. Ifahamike tu kwamba ni mbolea inayofanya kazi polepole, kwa kuwa viumbe vya udongoni ndivyo vinavyoivunja. Anayengoja majani yaliyopauka kijani chake kirudi kesho asubuhi hatakiona, na anapaswa kuitia wiki mbili au tatu kabla mmea haujaihitaji.

Kuchanganya nilifanyia juu ya turubai, nimevaa barakoa na nimelowesha kila kitu kwanza, kwa maana vumbi la perlaiti na la basalti si la kuvutwa mapafuni. Kipimo changu cha unyevu ni cha mkono: konzi ya udongo ikibanwa ishikamane kama donge la ugali mgumu, itoe tone moja au mawili, kisha ivunjike ikiguswa kwa kidole. Niliujaza katika mapipa mawili yenye matundu, nikayafunika bila kuyabana, nikayaweka ndani ya nyumba kwa siku 30, kwani katika baridi ya karakana viumbe wale wangelala. Siku ya nne udongo ulikuwa na joto niliposukuma mkono katikati, na harufu ya amonia ilinipiga puani. Hiyo ndiyo nguvu ambayo ingeingia kwenye mizizi michanga kama ningepanda siku ileile. Niliugeuza kila wiki. Kufikia siku ya 30 joto lilikuwa limekwisha, harufu ilikuwa ya ardhi baada ya mvua za kwanza, na pH ilisomeka 6.5.

Kwa upande wa gharama, msimu wa kwanza mchanganyiko wangu haukuwa na unafuu wowote, kwa sababu perlaiti na mwani hununuliwa kwa mifuko mikubwa hata ukihitaji kidogo. Unafuu ulikuja baadaye, kwani udongo huu hautupwi. Baada ya kuvuna nilikata shina usawa wa udongo, nikaacha mizizi ioze humo humo, nikatia mboji mpya kiasi cha sehemu moja kwa kumi pamoja na 4-4-4, nikamwagilia na kungoja tena mwezi mmoja. Chungu cha msimu wa pili kilimwagiliwa mara chache zaidi kuliko cha kwanza, na majani yake hayakupata alama ya njaa hadi wiki ya mwisho kabla ya mavuno.

Asiyeweza kungoja mwezi mmoja, au anayekaa katika nyumba ya kupanga isiyo na mahali pa kuweka mapipa, atahudumiwa vizuri na mfuko wa dukani, mradi aubonyeze kabla ya kulipa: uwe mwepesi kulingana na ukubwa wake, usiwe na maji chini, wala usiwe na vijinzi karibu na tundu za hewa. Achanganye humo perlaiti sehemu moja kwa tatu za udongo, miche aikuze kwanza katika vikombe, na mbolea nyingine asiitie hata kidogo katika wiki tatu za kwanza baada ya kuihamisha.