Mateke ya mitutu miwili: .450/400, .470, .500 na .577 kwenye bega moja

Nyuma ya kambi yetu ya uwindaji katika pori la akiba la Rungwa kuna kichuguu kirefu kuliko Land Cruiser, na siku chache kabla ya msimu kufunguliwa Julai 1 ndicho kinachopokea risasi zote za majaribio. Mwaka huu nilipata bahati ambayo sijaipata katika miaka 19 ya kazi hii ya uwindaji bingwa: bunduki nne za mitutu miwili, kila moja ya saizi yake (namba zinazofuata ni majina ya saizi za risasi), juu ya meza moja. Yangu ni .470 Nitro Express. Ya bosi ni .450/400. Wageni wawili walioingia mapema walileta .500 na .577. Niliwaomba wenyewe, wakakubali, na nikapanga kupiga kila moja risasi nne nikiwa nimesimama, mitutu imeegemea miti mitatu, karatasi ya shabaha ikiwa mita 40. Mwisho nikapiga na .458 Lott ya bolti, yaani ya mtutu mmoja, ya kijana ninayemfundisha, ili nipate kulinganisha. Siku ya tatu sasa, na bega langu la kulia ni zambarau iliyoanza kugeuka njano.

Ninaandika kwa ajili ya vijana wanaosomea uwindaji bingwa, kwa sababu kila wiki naulizwa ninunue saizi gani, na swali lenyewe linakuja kinyume. Wanauliza ipi inaua zaidi. Hizi zote zinaua mbogo vizuri risasi ikikaa mahali pake. Kwetu kiwango cha chini kwa mbogo, simba na tembo ni .375, na .375 iliyokaa penye moyo inamaliza kazi. Swali la kuuliza ni hili: baada ya teke la kwanza, yaani bunduki inavyokurudi begani ukipiga, unachukua muda gani kurudisha ushanga wa mbele wa kulengea kwenye mnyama?

Nianze na hesabu, maana teke linahesabika. Unachukua uzito wa kichwa cha risasi na mwendo wake, unaongeza baruti inayotoka nyuma yake kama hewa ya moto, halafu unagawa kwa uzito wa bunduki. .470 inatupa kichwa cha greni 500, yaani gramu 32 na kidogo, kwa mita 655 hivi kwa sekunde. Bunduki yangu ina kilo 4.9. Nikipiga hesabu napata teke la jouli 90 au zaidi kidogo. Beba dumu la lita 10 lililojaa maji, liachie kutoka usawa wa kiuno, uwaze limetua kwenye bega lako: ndiyo hiyo. .450/400, kichwa cha greni 400 na bunduki ya kilo 4.5, inakuja kwenye 60, karibu sawa na .375 ya kawaida ya bolti. .500, greni 570, kilo 5.2, inafika 108 hivi. .577 inatupa greni 750, na japo ile ya mgeni ilikuwa na zaidi ya kilo 6, teke lake linagonga 150.

Lakini bega halisomi jouli peke yake. Linasoma pia mwendo wa kitako kinavyokuja. Kwa hesabu hiyohiyo, Lott ya kijana wangu ina jouli 100, chini ya .500. Ila ni bunduki ya kilo 4.3 tu, kwa hiyo inarudi nyuma kwa kasi kuliko .500. Nilipoipiga baada ya .500 nilihisi nimepigwa kofi, wakati .500 ilinisukuma kama mtu anayefungua mlango kwa bega. Kati ya hizo mbili, ningepiga .500 risasi kumi kabla sijarudia Lott mara tatu. Ndiyo faida ya mitutu miwili ambayo watu hawaizungumzii: chuma kingi, kimekaa katikati ya mikono yako miwili.

Nilikua Sikonge, na teke la kwanza maishani mwangu lilikuwa la gobori la babu, lenye leseni yake iliyokunjwa ndani ya mfuko wa nailoni. Gobori linasukuma. Baruti nyeusi inawaka polepole, moshi unakufunika, na wewe unarudi hatua moja na mwili mzima. Kwa hiyo nilipokuja kushika bunduki ya nitro, ya baruti isiyo na moshi, nikiwa na miaka 26, nilidhani najua teke ni nini. Sikujua. Na hata gobori lina kiasi chake. Frederick Selous, mwindaji Mwingereza, yule ambaye jina lake lilipewa pori letu la akiba na ambaye kaburi lake lipo Beho Beho tangu Januari 1917, aliwinda tembo ujanani kwa magobori mazito ya bore nne, saizi yenye mtutu mpana sana, na baadaye aliandika kwamba anajuta kuyatumia, kwa sababu mateke yake yalimharibia mishipa ya fahamu na kulenga kwake. Mtu wa kiwango kile. Nawasomea vijana habari hiyo kila msimu kabla hatujagusa risasi.

Sasa niseme moja moja.

.450/400 ni bunduki ya furaha. Jeffery, mtengenezaji wa bunduki wa London, aliitoa mwaka 1902 na mpaka leo sijaona sababu ya kuidharau. Unavuta kifyatuo cha mbele, mtutu wa kulia unalia, mdomo unapanda kiasi cha kiganja, unashuka, na ushanga umekaa palepale. Kijana alinipiga video kwa simu. Kutoka mlio wa kwanza hadi wa pili, vyote vikiwa vimelengwa, ilikuwa chini ya sekunde moja na nusu. Matundu manne kwenye karatasi yalifunikwa na sahani ya chai.

.470 ndiyo ninayoijua kama mke wangu anavyojua jiko lake, basi nitakaa hapa kidogo. Ilizaliwa kwa sababu ya siasa. Rigby, mtengenezaji mwingine, alishatoa .450 mwaka 1898 na ilikuwa inatosha, ila Waingereza wakapiga marufuku saizi ya .450 India na Sudan kwa kuogopa risasi zake zitumike kwenye bunduki za kijeshi za waasi. Watengenezaji wakahama kidogo: .465, .470, .475. Iliyobaki na watu wengi ni .470, na ndiyo maana risasi zake bado zinapatikana kuliko dada zake.

Nilipoinunua kwa mwindaji aliyestaafu, miaka minane iliyopita, ilinitesa. Kila nikipiga, kikingio cha vifyatuo kilinichuna fundo la kidole cha kati mpaka nikawa natembea na plasta kama pete. Shavu liliuma. Bega lilivimba si penye nyama bali kwenye mfupa wa nje. Nikadhani .470 imenishinda. Siku moja mzee wetu wa kufuata nyayo, Mkimbu wa hukuhuku Rungwa, aliniangalia nikiinyanyua, akasema, "Mwanangu, hiyo bunduki umevaa kama koti la marehemu." Ni kweli. Kitako kilikatwa kwa ajili ya mtu mwenye mikono mirefu kuliko yangu kwa sentimita nyingi. Nikinyanyua haraka, kisigino cha kitako kilinasa kwapani na kutua nje ya bega. Nikaipeleka Arusha kwa fundi wa silaha mwenye leseni. Alinisimamisha, akaniambia nifumbe macho, ninyanyue, nifumbue. Mara tano. Akapima, akakata sentimita 2.5, akaweka mpira mwekundu, na akapunguza kidogo mgongo wa kitako mahali shavu linapolala. Basi. Risasi zilezile, uzito karibu uleule, jouli zilezile. Fundo la kidole halijachunwa tena hadi leo. Kwenye video, mlio wa pili ulikuja baada ya sekunde mbili kamili, na matundu yote manne yamo ndani ya kiganja changu.

Kabla hujasema .470 ni kali mno, basi, vaa iliyokatwa kwa mwili wako.

.500 ilinishangaza. Nilitegemea mabaya. Mgeni wake ni mtu mnene na kitako chake kilikuwa kifupi kwa mtu wa urefu wake, kwa hiyo kilinikaa. Mdomo ulipanda juu zaidi na kwenda kulia, kwa sababu mtutu wa kulia ukipigwa unavuta bunduki upande wake. Wa kushoto unaivuta upande mwingine. Sekunde mbili na nusu. Unachopata zaidi ya .470 ni tundu pana na kichwa kizito, na kwa anayefuata tembo ndani ya kichaka hilo lina maana. Unacholipa ni uzito wa kubeba kutwa nzima na mbung'o mgongoni. Pia hapa ndipo lazima ushike shingo ya kitako kwa nguvu. Ukiilegeza, bunduki inarudi, mkono unabaki nyuma, kidole kinateleza kwenye kifyatuo cha pili, na mitutu yote inalia pamoja. Nimeiona ikimtokea mgeni mmoja, bunduki nyingine, msimu mwingine. Alikaa chini bila kupenda, na mkono haukunyanyuka vizuri kwa siku nne. Safari yake ilikuwa ya siku kumi.

.577 nilipiga risasi mbili, si nne. Nilisema nitapiga nne, nikasimama kwenye mbili. Ya kwanza ilinirudisha mguu wa nyuma mpaka kisigino kikachimba mchanga, na macho yalikuwa yanatazama matawi ya mninga. Ya pili ilinichukua zaidi ya sekunde nne, na nilipoilenga nilijua kabisa kwamba naiogopa. Mwenyewe anaipiga vizuri, ana mwili wake na miaka yake nayo, na namheshimu. Kwa mtu anayeanza kazi hii, hapana.

Jambo moja ambalo wengi hawalijui: kwenye bunduki hizi teke ni sehemu ya kulenga. Mitutu miwili haikufungwa sambamba, imeelekezwa kidogo ndani, kwa sababu bunduki inaanza kugeuka wakati risasi bado ipo ndani ya mtutu. Fundi wa kiwandani anaichomea, anapiga, anaipasha moto, anasogeza, anapiga tena, mpaka mitutu yote ikutane mahali pamoja kwa aina moja ya risasi. Ndiyo maana hupunguzi baruti ili kuonea bega huruma: risasi ikipungua mwendo, mtutu wa kulia unatupa kulia na wa kushoto kushoto. Ukizidisha, zinapishana. Vilevile usilaze mitutu juu ya kitu kigumu, wala usijaribu ukiwa umekaa mezani na kifua kimebana, kwa sababu ukiwa umekaa mwili hauna pa kurudi na teke lote unalimeza. Simama. Weka kiganja kati ya mitutu na mti. Na vaa ngozi ya kushikia mitutu. Saa saba mchana chuma kinachoma, na mkono unaokwepa moto haushiki teke.

Risasi nazo zisilale kwenye dashibodi. Joto linaongeza nguvu ndani ya ganda. Enzi za kodaiti, baruti ya zamani ya Waingereza, walitengeneza risasi maalumu zenye baruti pungufu kwa ajili ya nchi za joto. Zangu zinakaa kivulini, kwenye mkoba wa turubai.

Mwezi wa tisa mwaka jana tulimfuata mbogo aliyejeruhiwa na mgeni, saa tatu nzima, ndani ya vichaka vilivyoshikana mpaka unaona mita kumi tu. Mzee alisimama, akanyoosha kidole, akakaa chini taratibu kunipisha. Nilisikia pumzi ya mbogo kabla sijaona pua. Risasi ya kwanza ilimpiga chini ya jicho, akainama, hakuanguka, akaendelea kuja. Ya pili ilimwangusha hatua saba kutoka tulipokuwa. Nilizihesabu baadaye, mzee akiwa amenishika bega lilelile. Sekunde mbili za .470 ninazozisema hapa ni hizo.

Kijana wangu tulimpima kwa njia ya zamani. Kwenye .450/400 ya bosi nilitia risasi hai mtutu mmoja na ganda tupu mwingine, bila kumwambia ipi ni ipi. Mara ya kwanza alipovuta penye ganda tupu, mdomo wa bunduki ulizama chini kiasi cha kidole: mwili ulishashtuka ukisubiri teke ambalo halikuja. Mimi nilifanyiwa hivyo baada ya zile .577 mbili, na wangu ukazama pia, na nikaambiwa wazi. Alasiri yote tulipiga maganda matupu, saba kwa risasi hai moja, mpaka ushanga ukatulia. Lott yake amekubali kuipeleka kwa fundi Arusha msimu ukiisha. Kesho alfajiri, kabla wageni hawajaamka, tunarudi kichuguuni na risasi sita na maganda matupu mfuko mzima.