Fildi ya saikolojia ya elimu Mtwara: nendeni kwa ajili ya Alhamisi

Kila ikikaribia Julai, watu wakianza kuhangaika na barua za kuomba nafasi za fildi, yaani mazoezi ya vitendo nje ya chuo, napata ujumbe uleule kutoka kwa wadogo zangu wanaosomea saikolojia ya elimu: "Dada, kule Mtwara ulikofanyia fildi pakoje?" Jibu limekuwa refu kuliko kidole gumba kinavyoweza kuchapa, kwa hiyo naliweka hapa. Panafaa. Lakini panafaa kwa sababu moja, na sababu hiyo ina siku yake.

Kituo chenyewe ni kitengo cha unasihi na ubainishaji, yaani cha kuwashauri watoto na kutambua shida zao za kujifunza, kilichobanwa ndani ya shule ya msingi ya serikali, Mtwara mjini. Shule ina darasa la watoto wenye ulemavu wa akili na usonji, na hapo ndipo wanapoletwa watoto ambao walimu wa shule za jirani wameshindwa kuwaelewa. Jina silitaji. Mji ni mdogo, watoto wanaofika pale wanajulikana mpaka kwa wauza ming'oko, ile mizizi pori ya kuchemsha, wa getini, na nikitaja shule halafu nikasimulia habari ya mtoto, nitakuwa nimemtaja mtoto. Hata hizo habari nimezigeuza mahali pa kugeuza.

Nianze na ubaya, maana ndio utakaokupokea. Chumba cha kazi ni stoo ya zamani ya vitabu, kinachangia ukuta na jiko la shule. Saa nne uji unapoiva sufuria zinaanza kugongwa, na mtoto uliyehangaika naye nusu saa mpaka akatulia, roho yote inahamia jikoni. Viti ni vya watu wazima, mtoto wa darasa la kwanza miguu inaning'inia. Tukahamia kwenye mkeka. Kabati la mafaili halikuwa na kufuli, na mle mna majina ya watoto, mna matatizo ya familia zao, mna mambo ambayo mama mtu aliyasema huku analia. Tulinunua kufuli kwa hela zetu wanafunzi. Mchango wa vifaa tulikuwa tumeshatozwa siku ya kuripoti, stakabadhi hatukupewa, na vifaa sikuviona.

Vilivyopo ni aibu. Kuna kile kijitabu cha Raven cha watoto, kipimo cha kufikiri: maumbo 36 katika seti tatu, kila umbo limekatwa kipande, mtoto anachagua kati ya vipande sita kile kinachojaza pengo. Kinaitwa cha rangi kwa sababu kimechapwa kwa rangi makusudi, ili mtoto mdogo avutike na ashike haraka anachotakiwa kufanya. Cha pale ni fotokopi nyeusi na nyeupe, tena fotokopi ya fotokopi, na kuna ukurasa ambao wino umefifia mpaka vipande viwili vimefanana kabisa. Mwenzangu mmoja kutoka Moshi akauliza alama atakazopata mtoto zitalinganishwa na za nani. Viwango vilivyokuwa kwenye faili ni vya watoto wa Uingereza. Msimamizi wetu wa pale, mama wa makamo tuliyemwita Mama tu kama shule nzima inavyomwita, hakujibu. Alikichukua kile kijitabu akakiweka juu ya kabati. Hakikushuka tena, isipokuwa siku aliyotufundisha namna ya kukitumia tukija kukutana na kizima.

Dodoso la Goodman, lile la 1997 lenye maswali 25 kuhusu hisia na tabia za mtoto, lipo kwa Kiswahili na linasomeka. Shida ni walimu kulijaza kwa mkupuo wakati wa chai. Niliwahi kukabidhiwa rundo ambalo kila mtoto, kwa kila swali, amepewa jibu la katikati.

Sasa msimamizi wa chuo. Alikuja mara moja, akiwa na wanafunzi wengine wa kuwaona Masasi jioni ileile. Fomu aliyokuja nayo ilikuwa ya mazoezi ya kufundisha: matumizi ya ubao, sauti, zana, hitimisho la somo. Alinikuta kwenye mkeka na mtoto tunapanga vizibo vya soda. Akaomba andalio la somo. Nikamweleza kwamba hapa hakuna somo. Akatafuta pa kuandika hilo kwenye fomu, hakupaona, akanipa alama nzuri kwenye matumizi ya ubao. Ubao haukuwepo. Kisha akauliza korosho nzuri zinauzwa wapi.

Yote hayo yapo kwenye vituo vingi, na kama yangekuwa hayo tu nisingepoteza muda kuandika. Ila kuna Alhamisi.

Alhamisi asubuhi Mama anakaa chumbani na wewe. Anakaa kwenye kona, juu ya ndoo iliyogeuzwa, kanga imefunika magoti, kaunta buku mapajani. Hasemi kitu. Hakuokoi. Wewe unafanya kazi na mtoto, yeye anaandika. Mchana watoto wakishaondoka mnakwenda chini ya mkorosho ulio nyuma ya jiko, anakusomea alichoandika, saa nzima kwa kila mwanafunzi, mmoja mmoja. Na hakuandika "vizuri" wala "ongeza bidii". Huu ni ukurasa wangu mmoja, aliniruhusu nikautolea fotokopi:

"Umeuliza hii ni nini. Umengoja kidogo tu. Umeuliza tena kwa maneno mengine. Sasa ana maswali mawili. Ameangalia mlango. Umemwambia usiogope. Alikuwa haogopi, alikuwa anafikiri."

Halafu ndipo anapokuletea kitabu. Siku hiyo alitaja Mary Budd Rowe, Mmarekani aliyerekodi vipindi vya sayansi madarasani akakuta walimu wanamngoja mwanafunzi sekunde moja tu hivi kabla hawajadakia, na kwamba wakivumilia mpaka sekunde tatu majibu yanarefuka na hata waliozoea kukaa kimya wanaanza kusema. Hayo nilishayasoma, nikayajibia na mtihani. Kuyasikia ukiwa umeshika karatasi inayoonyesha ulichokifanya leo saa tatu na nusu, kwa mtoto unayemjua kwa jina, ni habari nyingine kabisa.

Kwenye nchi ambazo kazi hii ina usajili wake, Uingereza na Australia kwa mfano, mwanafunzi hafuzu bila kazi ya vitendo chini ya msimamizi, na hiyo kazi inaandikwa na kukaguliwa. Huku kwetu mtu anaweza kumaliza akiwa amesimamiwa na muhuri. Ndiyo maana nasema Alhamisi moja ya pale inazidi miezi ya kituo chenye kiyoyozi na kompyuta ambako hakuna anayekuona ukifanya kazi.

Vile vizibo vina maelezo yake. Mama anapenda kusimulia utafiti uliofanyika karibu na Bagamoyo, wa mwanasaikolojia wa Marekani Robert Sternberg na wenzake, uliochapishwa 2002. Walipima watoto wa shule kwa maswali ya kufikiri, wakawafundisha kwa muda usiofika saa moja namna ya kufikiri ambayo maswali yale yanaidai, wakawapima tena. Alama zilipanda, na zile za baada ya kufundishwa zikamweleza mtoto vizuri kuliko za mwanzo. Basi pale ndio mtindo: pima, fundisha kidogo, pima tena, na kinachokupa habari ni jinsi mtoto alivyobadilika hapo katikati. Vifaa ni vizibo, vifungo, kadi zilizokatwa kwenye maboksi ya sabuni. Havina viwango vya kulinganishia, na Mama anasema wazi kwamba matokeo yake huwezi kuyaandika kama namba. Unaandika ulichoona.

Kuna mtoto wa darasa la pili aliletwa na kikaratasi cha mwalimu wake: "Mzito kuelewa, anafaa kitengo." Maana yake ahamishiwe darasa la ulemavu wa akili, na akishaingia huko kutoka si rahisi. Mara ya kwanza alivirundika vizibo tu. Mwenzangu wa Moshi, ambaye Kimakonde hajui hata salamu, akavipanga kwa rangi mbele yake bila kutamka neno, akavichanganya, akamsogezea. Mtoto akapanga kwa rangi. Kisha, bila kuonyeshwa na mtu, akavipindua vyote akaanza upya: vyenye kutu huku, visafi kule. Alichukua muda kwa kile kimoja chenye kutu nusu, akakiweka katikati, peke yake.

Hiyo ndiyo siku pekee niliyomwona Mama akiinuka katikati ya kazi. Alikwenda akasimama nyuma ya mtoto, akamnong'oneza jina lake. Upande wa kulia, mtoto alichelewa, akageuka. Kushoto hakugeuka kabisa, akaendelea na vizibo vyake. Mama akainama karibu na lile sikio, akavuta pumzi puani, akatutazama. Lilikuwa linatoa usaha, na harufu tulishaisikia sote, tukadhani ni ya chumba. Barua ya rufaa kwenda hospitali ya mkoa, Ligula, iliandikwa siku hiyohiyo. Ya pili ilikwenda kwa mwalimu: mtoto akae mbele, aongeleshwe akiwa anautazama uso wa anayesema, na habari ya kitengo ingoje. Mwenzangu alisomewa ukurasa wake pale chini ya mkorosho kama kawaida. Mstari wa mwisho ulisema: "Umempima kabla hujamwangalia masikio na macho." Hakusifiwa vizibo hata kidogo, na alinuna mpaka Ijumaa.

Kitu kingine ambacho hutakipata darasani ni familia. Fomu ya ridhaa ina mstari wa sahihi ya baba. Alipoitwa mzazi wa mtoto mwingine, walikuja bibi na mjomba. Nilimpa bibi shikamoo, akaitikia, "Marahaba mjukuu wangu, haya, mtoto wangu mmemwonaje?" Nikamweleza vizuri, kwa utulivu, bila kutumia neno saikolojia, kama tulivyoelekezwa. Bibi alikubali kila kitu kwa kichwa. Ukurasa wangu wa Alhamisi ile ukasema: "Umeongea na bibi. Mwenye kauli ni mjomba, na mjomba hukumtazama." Kwa Wamakonde, Wamakua, Wayao na Wamwera ukoo unafuata kwa mama, na kaka wa mama ana sauti nzito juu ya mtoto. Yule mjomba alikuwa ameacha kupuliza salfa kwenye mikorosho yake Nanyamba, nguo bado zina vumbi la njano, ili aje asikilize jambo la mtoto wa dada yake. Tulimwita tena, tukaanza upya na yeye. Ile fomu tulikata neno "baba" kwa kalamu tukaandika "mlezi". Mpaka naondoka ofisi ilikuwa haijachapa nyingine.

Lugha ni doa ambalo Mama mwenyewe hajalimaliza. Yeye ni mtu wa Newala, Kimakonde chake hakina shida. Siku asipokuwepo, mtoto wa kijijini ambaye Kiswahili bado kinamkwama anatafsiriwa na mama wa jikoni. Ni mama mwema sana, lakini ni jirani wa nusu ya wale wazazi, na anayoyasikia stoo yanaweza kumfika mwenye mtoto kabla ya barua yetu. Tulilalamika kwa maandishi. Tulichojibiwa ni kwamba bajeti ya mkalimani hakuna. Nilichofanya siku hizo ni kucheza na mtoto tu na kuangalia, maswali nikayahifadhi mpaka Mama arudi, na nashauri mfanye hivyohivyo.

Mambo ya kuishi sitayarefusha. Vyumba vipo Chikongola na Magomeni, ukipata chenye maji usibishane sana na mwenye nyumba. Bajaji zipo, samaki wapo, jioni nendeni Shangani mpunge upepo. Ming'oko ya getini kuleni na pilipili. Anzeni Julai au mapema Agosti. Ukichelewa ukaingia Oktoba, korosho zimeanza kudondoka, familia ziko shambani, na kuna siku utamsubiri mtoto uliyepanga kumwona asitokee.

Bebeni mkeka wenu, kufuli, kaunta buku mbili na saa ya mkononi yenye mshale wa sekunde. Fomu ya tathmini ya chuo isomeni kabla hamjaondoka, na kama ni ya ualimu, idaini nyingine mapema maana mkishafika huku hakuna atakayewasikiliza. Anayetaka barua yenye nembo nzuri na picha za kupiga na wageni, pale hapamfai. Na asiyeweza kusomewa makosa yake kwa sauti, chini ya mti, huku wapishi wanaosha masufuria hatua chache kutoka hapo, atateseka.

Kabla hujatuma barua ya maombi, piga simu shuleni uulize kama Mama bado yupo, maana alikuwa anazungumzia kustaafu. Ukiambiwa yupo, uliza pia kama Alhamisi bado anakaa chumbani. Ukiambiwa siku hizi anapitia ripoti tu, omba kwingine.