Giaboksi ya otomatiki ya Prado ya dizeli imekufa: ununue ipi Mombasa?

Mwongozo huu ni wa Toyota Prado ya miaka ya 1990 yenye injini ya 1KZ-TE, lita 3.0, pamoja na Toyota Surf ya injini hiyohiyo. Giaboksi yake ya otomatiki kwa kawaida ni A343F, gia nne, kazi ya kampuni ya Aisin ya Japani. Kabla ya kuulizia bei popote, fungua boneti usome kibati kilichopigwa kwenye ukuta wa nyuma ya injini: palipoandikwa TRANS/AXLE ndipo penye jina la giaboksi. Kipige picha uende nayo dukani. Anayeingia dukani akauliza "giaboksi ya Prado" tu, hupewa ile ambayo muuzaji anataka kuiondoa.

Mpangilio wetu ni huu. Ya kwanza ni giaboksi yako mwenyewe ikifunguliwa na kutengenezwa upya kikamilifu. Ya pili, iliyotoka kwenye gari lililokatwa nusu, hafukati, ikiwa kamili na konvata yake, yaani ngoma ya oili inayopeleka nguvu za injini kwenye giaboksi. Ya tatu, kuligeuza gari liwe la klachi. Ya mwisho, na kwa mbali, ni ile iliyolala sakafuni peke yake bila mtu kujua ilitoka wapi.

Kwanza hakikisha imekufa

Giaboksi nyingi hushushwa kwa sababu ya waya. Taa ya O/D OFF (O/D ni overdrive, gia ya nne) ikiwakawaka yenyewe, kompyuta imeona hitilafu. Unganisha matundu ya TE1 na E1 kwa kipande cha waya kwenye soketi ya uchunguzi, fungua swichi bila kuwasha injini, swichi ya O/D iwe imebonyezwa ndani, kisha hesabu mipepeso ya taa. Namba 42 na 61 ni sensa za mwendo, 62 na 63 ni solenoidi (valvu ya umeme) ya kwanza na ya pili, 64 ni solenoidi inayofunga konvata. Solenoidi nzima husoma ohm 11 hadi 15. Kwa gari lililokaa miaka mingi kwenye hewa ya chumvi, soketi iliyoota ukijani ni jambo la kutarajiwa kuliko gia iliyovunjika.

Jaribio la pili halina gharama. Chomoa soketi ya solenoidi, kisha endesha pahali pa wazi. Bila umeme, giaboksi hii hutoa gia ya kwanza leva ikiwa L, ya tatu ikiwa 2, na ya nne ikiwa D. Zote zikishika bila kuteleza, giaboksi ni nzima: tafuta waya, sensa au kompyuta. Zikiteleza hata hivyo, sasa chomoa kijiti uangalie oili. Nyeusi yenye harufu ya kuungua ni pleti za klachi. Oili ya waridi iliyochanganyika kama maziwa ni maji ya rejeta yaliyoingia ndani, na hiyo ndiyo habari mbaya zaidi, kwa sababu maji hulegeza gundi inayoshikilia kitambaa cha msuguano kwenye pleti. Kumwaga oili na kutia nyingine hakuziokoi.

Kwa nini yako ni bora kuliko ya mtumba

Kinachokufa mara nyingi ni pleti na sili za mpira. Gia zenyewe, shafti na kasha huwa hazina neno. Na mpira hauhesabu kilomita, unahesabu miaka: giaboksi ya 1997 iliyokaa Japani kwenye gari lililotembea kidogo ina sili zilizokauka vilevile. Sili ikikauka, shinikizo la oili hupotea, pleti hazibanwi sawasawa, zinateleza, zinaungua. Ndiyo sababu giaboksi "safi" ya mtumba huweza kufanya kazi vizuri miezi michache, halafu ikaanza kuchelewa kushika asubuhi.

Kutengeneza upya kuna maana ikiwa seti ni kamili: pleti za msuguano, pleti za chuma, sili zote, pete, bushi, gasketi na filta. Fundi akisema atabadilisha zile pleti zilizoungua tu, mshukuru uende zako, kwa sababu sili iliyoziunguza bado imo. Muulize pia anapima vipi nafasi ya kila klachi, na kama ana upepo wa kuzijaribu kabla ya kufunga. Meza yake iwe mahali pasipo vumbi. Chembe moja ya mchanga yatosha kuikwamisha valvu.

Konvata ndipo watu wanapobana pesa wakajuta. Imechomelewa pande zote na ndani yake mna oili chafu na unga wa pleti. Hakuna namna ya kuiosha ikaisha. Ama ikatwe, isafishwe, ichomelewe na kupigwa balansi, ama ubadilishe. Ukiirudisha kama ilivyo, uchafu wa giaboksi ya zamani utaingia kwenye ile mpya siku ya kwanza.

Chaguo hili linaanguka ikiwa kasha limepasuka, pampu imekwaruzwa vibaya, au gia za sayari zimekatika. Hapo nenda kwenye hafukati.

Hafukati

Kenya hairuhusu kuingiza gari la mtumba lililozidi miaka 8, kwa hiyo Prado za rika hili huja zikiwa vipande. Uzuri wa hafukati ni kwamba giaboksi bado imeshikana na injini yake: unaona mwenyewe ni ya 1KZ, na waya, kompyuta na konvata vipo. Kama injini inaweza kuwashwa pale yadi, iwashwe. Kama haiwezi, omba sampu, lile bakuli la oili la chini, ifunguliwe kabla hujatoa pesa. Uji wa kijivu laini kwenye sumaku iliyomo ni kawaida. Vipande vya chuma, au vumbi la rangi ya shaba, maana yake bushi zinaliwa, iache. Pitisha mkono kwenye masikio ya bolti za kasha la mbele, maana hafukati hushushwa kwa vishindo na nyufa hujificha kwenye matope.

Kabla ya kuifunga, badilisha sili ya pampu, sili ya nyuma, filta na gasketi ya sampu. Ni kazi ndogo ikiwa chini, kubwa ikiwa juu. Badilisha wakati huohuo sili ya nyuma ya krenki ya injini. Risiti iandikwe namba ya giaboksi, na siku za dhamana zianze kuhesabiwa gari linapotembea, si unapolipa. Giaboksi inaweza kukaa gereji wiki mbili ikingoja bolti.

Kugeuza liwe la klachi

Kazi hii inawezekana, na hudumu. Lakini usikadirie bei ya giaboksi ya klachi, R150F, peke yake. Utahitaji flaiwili, klachi nzima, pedali, silinda za klachi za juu na chini, leva, na pengine propela shafti za urefu tofauti. Waya ya swichi ya P na N lazima iunganishwe, ama injini haitapiga stata, na taa za rivasi nazo zitafutiwe swichi yake. Inafaa kwa gari la kubeba mizigo barabara ya Mariakani. Kwa gari la foleni za mjini, hapana.

Ile ya sakafuni

Bei yake huvutia, lakini rahisi huvunja upishi. Hatari si uchakavu tu. A340 na A343 za injini za petroli zinafanana na yako machoni, na kasha la mbele hufunguka, kwa hiyo mtu anaweza kukuungia. Konvata ya petroli hushika kwa mizunguko ya juu zaidi, ilhali dizeli hutoa nguvu zake chini. Matokeo yake gari hukoroma bila kuondoka, na oili huchemka.

Kilichoua ya kwanza kitaua na ya pili

Hapa ndipo pesa za wengi Mombasa zinapozama. Oili ya giaboksi hupozwa ndani ya rejeta. Rejeta ikitiwa maji ya kisima, ambayo mengi hapa yana chumvi, kibomba cha ndani huliwa mpaka kitoboke. Badilisha rejeta, au funga kipoza oili cha nje na uache kabisa kile cha ndani. Kwa joto letu hakuna haja ya rejeta kuipasha oili moto. Mipira na mabomba ya zamani yasukumiwe oili safi kutoka upande wa kurudi mpaka itoke bila unga. Kisha pima mtiririko: injini ikizunguka bila kukanyaga akseleta, bomba la kurudi litoe kama lita moja kwa nusu dakika.

Wakati wa kufunga, konvata lazima iingie hatua zote, ukiizungusha na kuisukuma mpaka izame. Giaboksi ikikutana na injini kwa mkono, konvata iwe bado inazunguka huru kabla ya bolti zake 6. Ukiona bolti za kasha ndizo zinazovuta giaboksi ikaribie, simamisha kazi: unavunja pampu. Pini mbili za kulenga ziwepo.

Halafu ile kamba inayotoka kwenye mkono wa akseleta. Si ya kubadilisha gia tu, ndiyo inayoamua shinikizo la oili. Mguu ukiwa chini kabisa, kizuizi cha kamba kiwe mdomoni mwa mpira wake, nafasi isizidi milimita 1. Ikilegea, pleti mpya huungua ndani ya siku chache na lawama humwendea muuzaji.

Nunua lita 12 za oili ya giaboksi, Dexron III. Usijaze zote: tia, washa, pitisha leva kila gia, kisha pima leva ikiwa P, injini ikizunguka, oili ikiwa moto, alama ya HOT. Kwenye foleni ya feri Likoni weka N badala ya kukanyaga breki ukiwa D. Baada ya kilomita 1,000 mwaga sampu, angalia sumaku, tia oili mpya.